Dkt. Kristian Shemboko na Maji ya Nyota Kizee

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Dkt. Kristian Shemboko anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza akiwa fundi wa vioo, akaenda masomoni, akarudi Lushoto kuongoza kituo chetu cha darubini ya infraredi, yaani mwanga ambao jicho halioni lakini ngozi huuhisi kama joto.

Mvuke wa maji hewani huumeza mwanga huo. Kwa hiyo tukajenga Usambara, kwenye ukungu. Kamati iliyochagua eneo ilisifu mandhari.

Hapo Dkt. Shemboko akafuatilia nyota moja iliyozeeka, inayotoa vumbi na gesi kama mzee mwenye kikohozi. Aliuchambua mwanga wake rangi kwa rangi, maana kila molekuli humeza rangi zake na kuacha pengo. Vumbi la mawe alilithibitisha mapema. Alichokitamani ni maji.

Mwezi Mei pengo la maji likaonekana, pana na zuri. Mwandishi wa wasifu huu, mwenye shahada mbili na subira haba, alifika nusu ya kuandika tangazo la ugunduzi kabla ya chai. Fundi wetu Faraji akawapigia simu ndugu zake mpaka Mazinde. Mwanaheri wa jikoni akabandika pilau. Ukungu ulikuwa umetuwahi kabla hatujapima nyota ya kulinganishia, ile isiyo na maji, inayotuonyesha maji ya hewa yetu wenyewe. Tukaona si neno.

Dkt. Shemboko aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Alikuwa anakaribia kuondoka, na hakuna aliyelitaka pengo lile kuliko yeye.

"Tulinganishe kwanza, binti," akamwambia mwandishi.

Mwanaheri akataka kujua, sasa pilau ni la nini.

"La matanga, mama, ikibidi."

Anga lilipofunguka tukalinganisha: nyota isiyo na maji nayo ilikuwa na pengo lilelile, na tulipoliondoa, la nyota yetu likafutika lote. Tulikuwa tumegundua maji ya Lushoto, yanayofahamika sokoni bila darubini.

Katika ripoti yake ya mwisho ameandika: vumbi lipo, maji, hatujui. Mwandishi alipendekeza maneno marefu zaidi, yenye kutustiri. Akayakata yote, akaliacha "hatujui" lisimame peke yake.

Asante, Daktari, kwa kutufundisha kulitamka neno hilo bila kuinamisha kichwa. Wewe na mkeo, Mama Eliza, tunawaombea maisha mema huko Mlalo, na mvua ya kutosha shambani. Ya huku kwetu msituombee.