Isileli Taufa, Mgonjwa Aliyehesabiwa Mkosefu wa Adabu

Marehemu Isileli Taufa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kisiwani Foa, katika visiwa vya Ha'apai, mtoto wa pili wa mzee Hosea na mama Seini. Dada yake, Melenaite, alimtangulia kwa miaka miwili.

Alisoma hapa Foa, kisha shule ya bweni katika kisiwa kikuu, Tongatapu, 1975 hadi 1980. Likizo ya mwaka 1978 mama alimkuta amesimama nje mvuani, amelowa chapachapa, kwa kuwa dada yake alikuwa amelala sebuleni; kwa mila yetu kaka haingii alipolala dada yake, wala hagusi kitanda wala chakula chake.

"Ingia, utaugua."

"Mpaka aamke," alijibu.

Alifundisha shule ya msingi tangu 1983, na tangu 1990 alihubiri. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Lupe.

Ugonjwa ulianza mwaka 2014, nasi hatukuutambua. Alicheka msibani. Alimega chakula sahanini mwa wageni. Jumapili, tarehe 3 Mei 2015, aliingia chumbani kwa Melenaite, akaketi kitandani pake, akala magimbi yake, akamtolea matusi ya nguoni watu wakisikia. "Kava imempanda kichwani," walisema, naye hakuwa mnywaji wa kinywaji hicho cha mizizi. Kanisa lilimfuta katika orodha ya wahubiri. Dada yake aliapa kutomtazama tena.

Agosti 2019 madaktari wa Auckland waligundua kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wake ilikuwa ikisinyaa. Ni dimenshia, ugonjwa wa akili kudhoofika, ila ya aina isiyoanza na kusahau, bali na kubadilika tabia. Lupe alibakiwa na ombi moja: dada mtu amwone kama mgonjwa. Alimpelekea karatasi ya daktari.

"Mwone mara moja tu, wifi. Hajui alichokosa."

"Mimi ninajua," alijibiwa.

Isileli alinyamaza kabisa Januari 2023. Alifariki tarehe 9 Agosti, saa tano asubuhi, kwa homa ya mapafu. Juzi Melenaite alifika kuketi kichwani pa maiti, kama mila inavyompa haki.

"Mngeniambia kwamba hali ni mbaya hivi."

Lupe alimtandikia mkeka. "Nilikwambia mara tisa, wifi. Tarehe ninazo. Keti, mahali ni pako."

Mjane ameomba maneno hayo yasomwe kama yalivyosemwa.

Marehemu ameacha mjane, Lupe, watoto watatu, Hosea, Ofa na Sisilia, wajukuu watano, na dada mmoja.

Apumzike kwa amani tuliyomnyima akiwa hai.