Historia ya Mama Dakika, Mlezi wa Wanafunzi

Mchungaji, mama yetu mzazi uliyekaa hapo mbele, shemeji yangu, wajomba na mashangazi, majirani, wafanyakazi wa chuo, na ninyi wanafunzi mliojaa huko nyuma mpaka wengine mmesimama nje ya madirisha, tunawashukuru kwa kufika. Mimi ni mdogo wa marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, fundi wa majokofu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii si kwa sababu najua kusema, bali kwa sababu wote wanaojua kusema wanalia. Nimepewa robo saa, na kwa heshima ya dada yangu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Dakika, nitajitahidi nisizidishe.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, baba yetu akiwa mwashi na mama akiwa mpishi wa shule ya msingi ileile tuliyosoma sote, jambo lililotufanya tushindwe kabisa kutoroka shule. Alisoma hapo kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1980 hadi 1983, na mwaka 1985 akaingia chuo kusomea ufundi wa maabara, akahitimu Juni 1988. Alikuwa akisimulia kwamba wiki tatu za kwanza pale chuoni hakuzungumza na mtu yeyote zaidi ya kusema samahani kwenye foleni ya bomba, hadi siku moja msichana wa mwaka wa pili, mwanachama wa ushirika wa wanafunzi Wakristo, alipomsaidia kubeba ndoo, na msichana yule hakumwuliza kama ameokoka, alimwuliza kama amepata godoro. Godoro lilipatikana jioni ileile, wokovu ukafuata miezi minne baadaye, na dada yangu hakubadilisha mpangilio huo maisha yake yote.

Tarehe 1 Septemba 1988 aliajiriwa katika maabara ya kemia ya chuo chetu, ambako aliosha mirija, akapima dawa, akabandika majina kwenye chupa na kuwagombeza waliovaa kandambili mbele ya tindikali, kwa miaka thelathini na mitano bila kubadili idara. Januari 1990 aliombwa kuwa mlezi wa ushirika wa wanafunzi Wakristo wa hapo, ambao wakati huo ulikuwa na watu kumi na mmoja na gitaa la nyuzi nne.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1991 na shemeji yangu huyu, mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kiti cha pembeni huku mtu mwingine ameshika usukani, na kwa ndoa ile ujuzi huo ulimfaa sana. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Aprili 1993, wa pili Agosti 1996 na wa tatu Februari 2001, na wote wako hapa.

Sasa nieleze lililotokea mwaka ule wa 1993, kwa sababu yeye mwenyewe alilieleza kwa kila kamati mpya, wala hakuwahi kujipamba. Kwa miaka mitatu dada alikuwa ameuendesha ule ushirika peke yake, ufunguo wa ukumbi ulikuwa mkobani mwake, wahubiri aliwaalika yeye, nyimbo alizichagua yeye, hata viti alivipanga yeye kwa kuwa vijana waliviweka kombo. Akaenda likizo ya uzazi miezi mitatu, na aliporudi alikuta viti vimerudishwa stoo, ukumbi umepewa chama cha mchezo wa drafti, na wale vijana sitini aliowaacha, hakuna hata wawili waliokuwa wakikutana. Alilia wiki nzima, mtoto analia huku, mama analia kule, hadi shemeji akamwambia maneno ambayo nadhani ndiyo marefu kuliko yote aliyowahi kusema, kwamba yeye anapofundisha mtu gari hamwiti dereva mpaka siku atakapoondoa mkono wake kwenye usukani na gari lisiende mtaroni. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo dada alilijua tangu shule ya msingi, lakini kulijua ni kitu kimoja na kuachia ufunguo ni kingine.

Aliuachia. Tangu mwaka ule hakuwahi tena kushika ufunguo wa ukumbi, na kazi yake ikawa kuwafundisha wengine kuishika kazi. Mimi si mtu wa vikao vya kiroho, mnanijua, lakini kamati zilikutana sebuleni kwake na mimi nilikuwa nakwenda pale kula, kwa hiyo masomo yake nimeyasikia mara nyingi kuliko wachungaji wengi. Aliwaambia kwamba mwanafunzi mpya akikosa rafiki katika wiki mbili za kwanza atampata popote, basi wakati wa usajili wawe kwenye ile foleni, wabebe masanduku, waonyeshe vyoo viko wapi, na mahubiri yasubiri. Aliwaambia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa hiyo aliyekuja mara tatu apewe kazi, hata ya kufuta viti, kwa sababu mtu hurudi mahali anapohitajika. Aliwagawa katika vikundi vya watu sita sita, akisema kwamba katika watu mia aliyepotea haonekani, katika sita anaonekana kabla sala haijaanza. Kila kiongozi ilikuwa lazima awe na mtu anayemfundisha kazi yake, na aliyefika muhula wa mwisho alikabidhi, apende asipende. Mazungumzo ya siri yalifanyika mlango ukiwa wazi, wiki za mitihani walikutana robo saa tu, Jumapili kila mmoja alitakiwa awe kwenye kanisa la mtaani pamoja na wazee na watoto wachanga, maana chuo ni miaka mitatu na maisha ni marefu, na kipindi cha kila Ijumaa jioni kilifungwa saa kumi na mbili na nusu hata kama mhubiri ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati.

Msidhani kwamba hakukosea tena. Mwaka 1997 kamati iliona kijana mwenye sauti ya ajabu katika maombi, wakamwita Ngurumo, na dada akakubali awe kiongozi wa maombi kwa ajili ya sauti hiyo, bila kumwuliza hata siku moja kuhusu masomo yake. Mwisho wa mwaka Ngurumo alikuwa amefeli masomo manne kati ya sita, na baba yake alisafiri siku nzima akaja kusimama pale maabara, karibu na sinki, ameshika karatasi ya matokeo. Dada hakujitetea wala hakusingizia shetani. Alimwomba yule mzee msamaha, akamtengea Ngurumo meza kwenye kona ya maabara, na likizo nzima kijana alisoma pale chini ya macho yake mpaka akarudia mitihani na kufaulu, na kuanzia hapo hakuna aliyepewa uongozi kabla ya kuulizwa darasani anaendeleaje. Ngurumo leo ni daktari wa mifugo, nimemwona hapa, na aliponipa pole niligundua kwamba ile sauti bado anayo.

Nafika kwenye ugonjwa, na hapa naomba wanafunzi mnisikilize, kwa sababu familia ina neno kwenu.

Jumanne tarehe 13 Juni 2023 daktari alitueleza kwamba marehemu ana saratani ya kongosho, na kwamba muda uliobaki ni mfupi. Ijumaa ya wiki ileile, tarehe 16, alikwenda kwenye kipindi kama kawaida, na mnakumbuka kwamba jioni ile kamati yenu ilitangaza kuhamisha kipindi kutoka Ijumaa kwenda Jumatano, kwa kuwa wengi mlikuwa na masomo ya vitendo siku za Ijumaa, na hamkuwa mmemwuliza. Yeye alisimama, akasema kwamba kuanzia wiki ijayo hatakuja tena, kazi sasa ni yenu, akakaa. Mliona kwamba amekasirika. Nawaambia mbele ya jeneza lake kwamba hakukasirika, maneno yale aliyapanga tangu Jumanne, na aliporudi nyumbani alitusimulia habari ya Jumatano kwa furaha, akasema kumbe wameanza kuamua bila yeye.

Tulimsihi awaambie ukweli, akakataa, akatuapisha sote, hata mkuu wa maabara akaombwa aseme tu kwamba yuko likizo. Sababu aliitoa mara moja, akiwa amekaa kitandani, "Wageni wa Septemba watapokewa na nani, kama wanafunzi wote wako kando ya kitanda changu?" Aliogopa ya mwaka 1993 yasijirudie, safari hii bila yeye kuwepo kuyatengeneza. Sisi tulitii, nasi tukawa watu wa kufunga geti.

Mwenyekiti wenu, binti huyu aliyekaa safu ya nne, alikuja nyumbani Julai tukamwambia dada amelala, akaja Agosti tukamwambia amesafiri, na Jumamosi tarehe 7 Oktoba akaja tena, akanikuta mimi getini. Hakuomba kuingia. Aliniuliza, "Mjomba, tumemkosea nini?" Nikamjibu kwamba hakuna kitu, Mama amechoka tu, nikafunga geti, na uongo ule nimeubeba mpaka leo asubuhi.

Nilimpelekea dada swali lile kama lilivyo. Baada ya siku kadhaa alitaka apelekwe chuoni. Jumatano tarehe 18 Oktoba shemeji alituendesha kwa lile gari la shule ya udereva, lenye kibao juu, akaliegesha chini ya dirisha la ukumbi wenu, dada amejifunika shali kiti cha mbele, mimi nyuma. Mlichelewa kuanza dakika tano na alinung'unika zote tano. Kisha mkaimba, na ikasikika sauti ya kijana akiongoza maombi, anataja majina ya wageni wa mwaka wa kwanza mmoja baada ya mwingine, nani hajapata chumba, nani mama yake anaumwa, taratibu, bila kupiga kelele. Dada akainua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia shemeji akasema, "Huyu simjui." Akarudia, "Asante Mungu, huyu simjui kabisa." Alicheka mpaka tumbo likamuuma, na kwa ugonjwa ule tumbo kuuma halikuwa jambo dogo, lakini hakuacha kucheka. Katika miezi yote minane ya ugonjwa wake sikumwona na furaha kama ya jioni ile.

Hata hivyo sitamtetea dada yangu kwa kila kitu, naye mwenyewe hakujitetea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Jumapili tarehe 18 Februari 2024, akiwa hospitali, alituambia kwamba kuwaachia kazi alifanya vyema, ila kuwaficha alikosea, kwamba mtu anaweza kuachia ufunguo bila kufunga mlango, na akaagiza mwenyekiti aitwe. Binti alikuwa mafunzo ya kazi mkoa wa mbali, simu yake ilipatikana Jumanne, akapanda basi Jumatano, basi likaharibika njiani, na akafika hapa Ijumaa asubuhi. Dada yangu alifariki Alhamisi tarehe 22 Februari saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, siku ishirini na moja kabla ya kutimiza hamsini na nane.

Binti yetu, uliniuliza swali getini nami sikukujibu ukweli wote, basi nakujibu leo mbele ya watu wote hawa. Hamkumkosea kitu. Sisi ndio tuliokukosea wewe, mimi zaidi ya wote, na familia inakuomba wewe na wenzako mtusamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili kwa uvumilivu wao, maana mgonjwa wetu alikuwa akiangalia saa wanapochelewa kuleta dawa, inawashukuru majirani waliotupikia na kutufulia tangu Novemba hadi leo, mkuu wa maabara na wafanyakazi wenzake waliotunza siri ambayo hawakuipenda, mchungaji aliyekuja bila kuitwa, na vijana waliopanga viti tangu alfajiri, navyo vimenyooka.

Mwisho, kuna agizo moja. Marehemu alikataza kipindi cha wanafunzi kuahirishwa kwa ajili ya msiba wake, na kukifanya kiwe cha kumzungumzia yeye pia amekataza. Leo ni Jumatatu, keshokutwa ni Jumatano, kipindi kipo saa kumi na moja jioni. Tumekubaliana mimi, shemeji na watoto kwamba tutakuja, tutakaa safu ya mwisho, hatutahitaji kutambulishwa, na kama desturi yenu bado ni ileile, tukija mara ya tatu mtupe kazi.

Dada, wanao hawa wanakwenda darasani, wewe sasa pumzika, pumzika kwa amani.