Visahani Viwili vya Duka la Cherehani

Benchi la mbele ya duka la cherehani lilikuwa limebadilishwa miguu mara nyingi hata hakuna aliyejua mguu wa asili ni upi. Fundi Pima, mwenye duka, alikuwa amesogeza mashine yake mpaka mlangoni ili ashone huku akipiga soga, na mchana ule tayari alikuwa ameshona mfuko wa suruali ya mtu nje badala ya ndani, kwa kuwa macho yake yalikuwa ng'ambo ya bonde. Juu ya paa lake, kwenye bomba la chuma, visahani viwili vilitazama huko huko: kimoja kipana kama ungo, kingine kidogo kama bakuli. Binti yake, aliyekuwa akiwauzia majirani intaneti, alikuwa amevuka asubuhi na ngazi begani, pamoja na mwenzake mchomeleaji vyuma, kwenda kufunga ndugu za visahani hivyo kwenye paa la zahanati. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa ametoa kauli: leo wanajaribiwa wawili, binti huyo na muuzaji wa dishi la setilaiti kutoka mjini, na atakayeonyesha uwezo ndiye atakayepewa kazi. Benchini waliketi Uhakika, dereva wa lori mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kuwa kila asemalo ana uhakika nalo. Antena, fundi wa televisheni. Na Mama Birika, muuza kahawa, aliyeketi pale kwa sababu wateja wake wote walikuwa pale.

— Kosa la mtoto wako ni moja tu, Fundi, — Uhakika alisema, akipuliza kahawa. — Angevuta waya.

— Waya wa kioo unaoleta intaneti umeishia barabara kuu, — Fundi Pima akajibu. — Kampuni kubwa haikuona sababu ya kuteremka bondeni. Kuchimba mtaro na kuuvusha waya mtoni si kazi ya mabinti wawili. Kwa hiyo anaipokea intaneti pale barabarani, halafu anairusha hewani.

— Kitu cha kurushwa hudakwa na yeyote. Mimi nimeendesha lori maisha yangu yote. Barabara ni barabara. Hewani kuna barabara?

— Kwani ndege zinapita wapi?

— Ndege zina rubani.

Antena alicheka kwa dharau, akaweka kikombe chini.

— Tatizo si hewa, ni masafa ya mawimbi. Angechukua yale ya chini, ya televisheni za zamani. Yale yanapenya miti, yanapenya kuta, yanaingia ndani bila hodi kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Hivi visahani vyake lazima vionane uso kwa uso. Tawi moja likipita katikati, kwaheri.

— Alilifikiria hilo, — Fundi alisema upesi, maana kila walichokileta alikuwa amekwisha kumuuliza binti yake jikoni. — Aliniambia, baba, masafa ya chini yanafika mbali, lakini mlango wake ni mwembamba. Barua itapita. Picha inayotembea itakwama mabegani. Na zahanati inataka daktari wa hospitali kuu amwone mgonjwa akiwa huko huko aliko.

— Haba na haba hujaza kibaba. Picha ingefika vipande vipande.

— Yaani daktari leo aone pua, kesho aone sikio? — Mama Birika akauliza.

Wote wakacheka, na Antena mwenyewe akaishia kutabasamu. Mama Birika alijimiminia kahawa yake, jambo alilolifanya tu pale alipokusudia kuingia kwenye mjadala.

— Mie niko na yule wa mjini, — alisema. — Msinifokee. Dishi lake linatazama juu. Miti iko chini, bonde liko chini, mvua yenyewe iko chini. Utamloweshaje aliye juu ya mawingu?

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, — Uhakika alisema kwa sauti ya hutuba. — Maana yake, kila kilicho juu kitaanguka.

— Hiyo siyo maana yake, bwana, — Antena alimkosoa.

— Nimeitamka mimi, maana naijua mimi.

Fundi Pima aliacha mashine. Alilisimamisha gurudumu kwa kiganja, akasimama mlangoni na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

— Mama Birika, setilaiti siikatai. Kwa mtu aliye peke yake porini, hakuna kama hiyo. Lakini hapa ni mtaani. Lile dishi la mjini litahudumia jengo moja, basi. Binti yangu akishafika kwenye paa la zahanati, kesho anamgawia mwalimu, keshokutwa anawagawia mafundi seremala, na mtaa mzima wa ng'ambo unapata. Kikiharibika kitu, anavuka kwa miguu yake kuja kutengeneza. Yule wa mjini utampigia simu, atakuwekea muziki usikilize.

— Na muziki wenyewe mbaya, — Mama Birika alikiri.

Kifua cha Fundi kilijaa. Tangu asubuhi alikuwa amelitaja neno "binti yangu" mara nyingi kuliko alivyotaja uzi. Hakujali. Wapo waliomwambia kwamba msichana kupanda mapaa ya watu ni aibu, na sasa watu wale wale walikuwa wakimpigia binti simu kila intaneti yao ilipochelewa.

— Sawa, — Uhakika hakuwa tayari kushindwa. — Sasa nieleze, kwa nini viwili? Mafahali wawili hawakai zizi moja. Vitapigana.

Swali hilo ndilo Fundi alilokuwa akilingojea. Aliingia ndani, akatoka na vipande viwili vya nguo, kimoja cha hariri, kingine cha turubai.

— Kile kidogo ni hariri, — alisema, akikitandaza kwenye goti la Uhakika. — Ni masafa ya juu sana. Kasi yake si mchezo, na hayana kelele, kwa kuwa wachache wanayatumia. Lakini mvua ni adui yake. Matone yanalinywa wimbi kabla halijafika. Kile kipana ni turubai. Ni masafa ya kati, ya bure, kila mtu anayo, kwa hiyo yamejaa kelele kama soko la jioni. Mwendo wake wa wastani. Lakini mvua? Hata haigeuki kuitazama. Kukiwa kukavu anatumia hariri, ikinyesha mashine inavaa turubai yenyewe. Mtu mwenye hariri bila koti la mvua si mtanashati, ni mzembe.

Antena alitikisa kichwa kwa heshima, ingawa kidogo.

— Mimi naona vinginevyo, — Uhakika alisema. — Wimbi likilowa linakuwa zito, kama nguo za kufua. Halivuki. Linatumbukia mtoni.

— Mtoni! — Fundi akashangaa.

— Ndiyo, mtoni. Samaki watatazama mpira, na zahanati watabaki gizani.

— Si samaki tu, — Antena naye akanogewa, akasahau ufundi wake. — Likizama linafuata mkondo. Watu wa huko chini watafungua bomba, maji yatoke na taarifa ya habari.

— Ndiyo maana siku hizi maji yanatoka yakilalamika, — Mama Birika alimalizia.

Tone la kwanza lilianguka ndani ya kikombe cha Antena.

Mvua haikuanza polepole. Ilimwagika kama mtu aliyepindua pipa, wakabeba benchi, birika na jiko la mkaa, wakajibana ndani ya duka katikati ya nguo zilizotundikwa. Bonde lilitoweka. Mahali paa la zahanati lilipokuwa likionekana palibaki weupe mtupu. Kwenye rafu, kati ya bobini na mikebe ya vifungo, kilikuwepo kisanduku cha plastiki chenye taa mbili, moja ya kila kisahani, na bila kuambizana wote wanne wakawa wanakitazama.

Taa ya juu, ya kijani, iligeuka njano. Ikazimika.

— Hariri hiyo imelowa, — Uhakika alisema. Kwa mara ya kwanza siku ile hakusema kwa ushindi.

Taa ya chini ilikuwa inawaka, imetulia tu. Fundi Pima alichukua simu. Alimpigia binti yake. Simu iliita mpaka ikachoka. Akamfikiria juu ya bati linaloteleza, mkono mmoja kwenye bomba. Hofu hiyo ikaifukuza ile nyingine yote. Zahanati na kazi yake vikawa si kitu. Alitaka kuisikia sauti yake tu.

— Atakuwa ameshuka, — Mama Birika alimwambia taratibu. — Yule si mjinga. Kaa.

Ndipo taa ya chini ikaanza kupepesa. Kwanza kwa kusitasita, kisha mbio mbio, kama kope za mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni.

— Imevaa turubai! — Antena alipiga kelele, akamshika Fundi bega. — Tazama! Imehama yenyewe!

— Inahama, ndiyo, — Fundi alisema. — Lakini huko ng'ambo inafika?

Hawakuwa na njia ya kujua. Walikunywa kahawa wakiwa wamesimama, na mvua ikaendelea kulipiga bati mpaka maneno yakawa hayana kazi.

Ilipokatika, benchi lilirudi nje. Hawajakauka vizuri akatokea kijana mmoja upande wa daraja la miguu, suruali ameikunja magotini, viatu mkononi, akiangalia mapaa badala ya njia.

— Shikamooni, wazee wangu. Shikamoo, mama.

— Marahaba. Karibu, — wakaitikia. — Unatafuta nani?

— Natafuta nyumba yenye visahani viwili. Kumbe ndiyo hii. — Alivitazama kwa muda, akavua kofia kama aliyeingia kanisani, kisha akaicheka kofia yenyewe na kuivaa tena. — Mke wangu ni mjamzito. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, tukaambiwa tumpeleke hospitali kuu, na njia mnaijua. Leo muuguzi akasema, ngojeni, daktari atamtazama kwa picha, mimi nikimpima tumbo kwa mashine. Walianza na lile dishi la mjini. Lilikwenda vizuri, sitasema uongo. Mvua ilipochachamaa picha ikaganda. Daktari akabaki kafumba jicho moja, mdomo wazi, hasemi.

— Aliye juu ya mawingu, — Uhakika alimnong'oneza Mama Birika, naye akamkanyaga mguu.

— Tukahamia kwenye kompyuta ya pili, ya huyo binti. Hata kwake picha ilisita mara moja, kama mtu anayemeza mate. Halafu ikaendelea mpaka mwisho. Daktari kaona, kaniambia mwenyewe: mtoto amegeuka, kichwa kiko chini, mama atajifungulia hapo hapo. — Aliviweka viatu chini. — Lile la mjini nalo lilirudi mvua ilipopungua, lakini muuguzi mkuu alikwisha kumpa binti mkono na kazi. Mbele yetu sote.

Antena alianza kupiga makofi, Mama Birika akapiga kigelegele kilichowatoa watu kwenye duka la jirani, na Uhakika akasimama, mzee mzima, akampa Fundi Pima mkono kwa mikono yake miwili.

— Hongera, Fundi. Umezaa.

Fundi aliinyoosha futi shingoni, ingawa haikuwa imejikunja.

— Mimi nilimwambia muuguzi nakuja kuwaona watu wa yule binti, — kijana alisema. — Maana nilimtazama pale juu akifunga zile nati, mvua haijaanza, hababaiki. Nikasema mtoto atakayezaliwa, awe wa kike au wa kiume, nataka ajue kazi ile. Sasa nisaidieni, wazee. Yule binti alifundishwa na nani?

Uhakika alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

— Asiyefunzwa na mamaye... — Akasimama hapo. Hata yeye aliona inampeleka kubaya.

— Kwangu alikuwa akija kuniangalia nikitengeneza, — Antena alisema. — Lakini mimi... haya ya kuhama yenyewe, hapana. Mimi siyajui.

Wakamgeukia baba mtu. Yeye aliyekuwa na jibu la waya, la miti, la setilaiti na la mvua. Fundi Pima aliinama, akaona ule mfuko uliokaa nje ya suruali juu ya mashine yake. Alijua binti yake alichokifanya, na kwa nini alikifanya. Mahali alipokitoa, usiku aliokesha nacho, mtu wa kwanza aliyemwonyesha, hayo hakuwahi kumuuliza. Alikuwa na haraka ya kuyabeba majibu kuyaleta benchini.

— Sijui, mwanangu, — alisema. — Ngoja nikamuulize.

Akatundika futi msumarini, akakunja suruali, akateremka bondeni. Aliwakuta katikati ya daraja, binti yake na mwenzake, wamelowa chapachapa, ngazi katikati yao, wanacheka jambo lao.

— Baba! Umesikia?

— Nimesikia, mama. — Alimwita hivyo kwa kuwa alikuwa na jina la bibi yake. Alimpangusa matope shavuni kwa dole gumba, kisha akampokea mchomeleaji ncha ya mbele ya ngazi. — Hebu niambie. Haya yote ulijifunzia wapi?

Binti alimtazama, kama asiyeamini kuwa ameulizwa.

— Ni hadithi ndefu, baba.

— Daraja nalo ni refu, — Fundi alisema. — Anza.

Akaiweka ngazi begani, akatangulia polepole, akisikiliza.