Mama Geuza, Aliyeliona Tundu Nyuma ya Gego

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mpiga eksirei wa meno aliyetutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wagonjwa walimwita Mama Geuza. Alifanya kazi miaka thelathini na minane. Miaka thelathini na minane, wasikilizaji, chumba kilekile, chenye mlango mzito usiopitisha miale na kiti kilichochanika.

Kwa nini Mama Geuza? Kwa sababu picha moja haikumtosha. "Geuza shingo kidogo, mwanangu," alisema, kisha akapiga ya pili. Alijua kivuli cha jino huweza kuficha mfupa ulioliwa nyuma yake.

Siku moja alikuja fundi cherehani, mama wa watoto wanne. Taya lilimuuma miezi saba. Kliniki tatu zilimwambia hana kitu. Picha ya kwanza ikatoka safi. Daktari mkuu, mtu wa maneno makali, akasema, "Mwache aende. Ni mawazo tu hayo."

Mama Geuza akapiga ya pili, kwa pembeni. Akaona doa dogo jeusi. Daktari akasema ni kasoro ya picha. Mama Geuza hakubishana. Aliomba nafasi kwenye hospitali yenye mashine inayozunguka kichwa na kuonyesha taya pande zote. Yeye mwenyewe akampeleka fundi huko.

Picha ikafunguka kwenye skrini. Nyuma ya gego, ndani ya mfupa, palikuwa na tundu la ukubwa wa haragwe. Ukuta uliobaki ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Wangechelewa, taya lingevunjika.

"Siku hiyo mama aliingia nyumbani akicheka peke yake," anasimulia binti yake. "Nikamuuliza kulikoni. Akasema, 'Lipo, mwanangu. Nimeliona.'"

Tundu likasafishwa, mfupa ukajaa, fundi akapona kabisa. Daktari akawakusanya wafanyakazi wote. "Mimi nilisoma, yeye aliona," akasema. "Kuanzia leo, maumivu yasiyoeleweka hayapigwi picha moja tu hapa."

"Asante, daktari," Mama Geuza akajibu. "Sasa tununulieni na kiti."

Makofi na vicheko vikasikika hadi mapokezi. Kiti kilinunuliwa. Na utaratibu ule unafuatwa hadi leo. Umeokoa mataya mengi.

Kwa binti yake, wajukuu na wenzake wa kazini: poleni sana, msiba wenu ni wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani alitwambia anaumia, tukamjibu hana kitu? Tumwendee leo, tumsikilize upya.