Papa Basile na Uwanja Uliozidi Matumaini

Mapadri wapendwa, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Wagenia, wenzake Papa wa kazi, na ninyi mliotoka barabara ya Bafwasende kwa pikipiki, mkafika na matope mpaka magotini, mimi ni Ursule, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia imenituma niwasimulie maisha yake, kazi ambayo kwa desturi ingekuwa ya papa mdogo Bavon, lakini papa mdogo alijaribu jana kuisoma, akafika mstari wa pili, akaniwekea karatasi mikononi akisema, "Soma wewe, mi nitaanza kutukana." Nitajaribu nisitukane.

Papa Basile Lisungi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, hapa hapa Wagenia, mtoto wa nne wa mzee Ruphin, mvuvi wa mitego kwenye maporomoko kama baba yake na babu yake, na wa mama Florentine, aliyekausha samaki na kuwauza katika soko la Makiso. Nyumba yao ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba watu walilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, ndiyo maana Papa aliongea kwa nguvu maisha yake yote, hata kwenye kitubio, na waliokuwa wamepanga foleni nje walijua dhambi zake kabla padri hajamwondolea.

Alisoma shule ya msingi Makiso, kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na huko ndiko alikoketi dawati moja na Tonton Eddy, aliyekuja kuwa kama mjomba wetu, ambaye mnamfahamu wote, wakawa marafiki wa kula sahani moja. Baadaye alichagua masomo ya kilimo, jambo lililomshangaza babu, aliyeuliza mtoto wa mto anakwenda kutafuta nini kwenye udongo, akapata diploma ya serikali mwaka 1980, na akamaliza masomo ya juu ya kilimo mwaka 1985.

Mwaka 1986 aliingia katika kazi ya serikali kama mwanakilimo, akatumwa vijiji vya njia ya Bafwasende, akafundisha mpunga na kakao, mara nyingi kwa baiskeli, mara nyingine kwa miguu huku baiskeli ikiwa begani, kwa sababu ya madaraja yaliyokwisha kuanguka. Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Mama Annette, na shahidi wake alikuwa Tonton Eddy. Mungu aliwajalia watoto wanne: mimi, ambaye Tonton Eddy alinishika kisimani siku ya ubatizo akawa parrain wangu, kisha Clovis, kisha Nuru, kisha Baraka, aliyetutoka mwezi Juni 2000, akiwa na miaka mitatu, katika zile siku mabomu yalipokuwa yakipita juu ya mji wetu, na hapo sitaongeza neno.

Baada ya msiba ule Papa hakuweza kukaa nyumbani, akawa anazunguka pembeni mwa mji, akakutana na wanawake wengi wajane na waliokimbia vijiji vyao, wakiwa na watoto lakini hawana mahali pa kulima, na aliyekuwa akiwasemea ni Mama Alphonsine. Papa aliwapeleka kwenye uwanja wa golf wa zamani, nje kidogo ya mji, uliotengenezwa na Wazungu wa kampuni na kuachwa miaka mingi, ukawa pori lenye vichuguu virefu kuliko mtu, akawaambia wapande muhogo, akawaonyesha wapi maji yanasimama na wapi hayasimami. Kwa miaka minane uwanja ule uliwalisha, na watoto wengi waliosoma katika mtaa huu walisomeshwa na muhogo wa pale.

Mwezi Septemba 2009 Tonton Eddy alikuja nyumbani. Wakati huo alikuwa mtu wa malori na maduka, na alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kamati iliyotaka kufufua mchezo wa golf. Mimi ndiye niliyewaandalia meza, kwa hiyo maneno haya sikuhadithiwa.

"Basile, mi nakuhitaji wewe," alisema. "Tengeneza hata mashimo matatu tu. Wageni wakuje wacheke, haizuru, lakini wakuje."

Papa akauliza, "Na bamama wenye wanalima mule?"

"Bamama hawatapoteza kitu. Upande yote ya mashariki, kuanzia kwa michikichi, inabaki yao. Na mwenye anataka kazi ya nyasi, atapata. Parole d'honneur, Basile. Mi ni parrain ya mutoto yako. Nitakudanganya?"

Aliposema hivyo aliniwekea mkono begani.

Papa alikwenda kwa wale mama siku iliyofuata, akasimama katikati ya muhogo wao, akasema, "Munanijua tangu vita. Tokeni upande ya magharibi, ya mashariki itabaki yenu. Ni mi nasema." Wengine walinung'unika, kwa kuwa muhogo wa upande wa magharibi haukuwa umekomaa, lakini Mama Alphonsine akainama, akang'oa shina la kwanza kwa mikono yake, akasema, "Kama ni Basile, basi," na wenzake wakamfuata. Hawakutoka kwa sababu ya kamati, wala kwa sababu ya Tonton Eddy, walitoka kwa sababu ya mdomo wa Papa.

Kazi ile ilimrudishia Papa uhai, na mimi kama mtoto wake lazima niseme hivyo, hata kama leo inauma kusema. Alibomoa vichuguu, akachimba mifereji ya kupeleka maji ya mvua mtoni, na alipoona nyasi walizoshauri watu wa kamati zinaoza, alitafuta nyasi fupi zinazotambaa zenyewe kwenye viwanja vya parokia na kando ya barabara, akazipanda shina kwa shina pamoja na mama wale wale, wakiimba nyimbo za kwaya. Mjini walimcheka, watu wa toleka, zile baiskeli za abiria, walipompita walimwita Président wa Mbuzi, wakidhani nyasi zake zitaliwa na mbuzi tu, na hata ndani ya kamati walisema kwamba vikipatikana vipande viwili vya nyasi na bendera, picha zitatosha.

Lakini uwanja ule uliwashinda wote. Mvua kubwa za Oktoba 2011 zilinyesha, mitaa ikajaa maji, na uwanja wa Papa ukakauka kabla ya barabara za katikati ya mji. Mashimo matatu yakawa tisa, na lile la saba, ambalo mpira unapigwa kutoka kwenye kilima huku mto ukionekana wote, liliwanyamazisha hata watu waliozoea kusema. Mgeni mmoja wa Kinshasa, aliyewahi kucheza nchi nyingi, alimshika Papa mkono akamwambia, "Mais mon cher, nilikuja hapa kucheka. Kicheko kiliniishia kwenye shimo la tatu." Papa alirudi nyumbani, akatusimulia maneno hayo wakati wa kula, akasimama, akatusimulia tena.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Uwanja mbaya ungebaki kuwa wa kila mtu, lakini huu ulitoka mzuri kuliko walivyotarajia, wakubwa wakaanza kuutamani wote, pamoja na upande wa mashariki. Mwezi Juni 2013, Papa akiwa Bafwasende kwa kazi ya serikali, kamati ilizungusha uzio wa nyaya mahali pote, ukapita juu ya mashamba, muhogo ukalazwa chini. Aliporudi akamwendea Tonton Eddy, akajibiwa kwamba ni kwa ajili ya kuzuia mbuzi tu, na kwamba baada ya sherehe watawafungulia mama mlango. Papa aliamini. Mama yetu alimwambia asiamini, akamjibu, "Annette, ni Eddy."

Sherehe ya ufunguzi ilifanyika Jumamosi tarehe 6 Julai 2013. Kulikuwa na viongozi, wafanyabiashara, wageni wenye kofia nyeupe, na sisi watoto tumevaa vitenge vya sare, tukiwa na fahari ya baba yetu. Katikati ya hotuba wakaingia Mama Alphonsine na wenzake, kwa heshima, wakiwa wamevaa nguo za kanisani, naye akasema, "Président, samahani. Tumekuja kuuliza mulango yetu iko wapi."

Tonton Eddy alikuwa na micro mkononi. Alicheka kidogo, akasema, na mji wote ukasikia, "Mama, mi ni président tu, mambo ya udongo sijui. Hii clôture ya nyaya, Basile ndiye aliiomba. Alisema manioc inaharibu nyasi yake. Muulizeni yeye."

Papa alisimama. Yeye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko watu wote wa Wagenia alisema kwa sauti ndogo, "Eddy. Sema yenye uliniambia kwa nyumba yangu."

"Nilikuambia nini, Basile? Mbele ya wageni?"

Wageni wakatazama chini. Mama Alphonsine akamtazama Papa, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakikung'uta mbele ya miguu yake kama mtu anayetoa vumbi, akageuka akaondoka na wenzake. Papa alipiga hatua mbili kuwafuata, akarudi akaketi, na makofi yakaendelea.

Kesho yake alijiuzulu kazi ya uwanja, na tangu siku ile hakukanyaga tena uwanja ule. Mama wale walitawanyika, wengi wakaenda kuanza upya msituni, barabara ya Bafwasende, na waliobaki waliacha kumsalimia. Sokoni, Mama Annette alipofika, wanawake waligeuza migongo. Papa aliendelea na kazi hadi alipostaafu mwaka 2018, alifundisha vijana, aliimba kwaya, alicheza na wajukuu, hakuwa mtu wa kulia, lakini mtu alipousifia ule uwanja mbele yake, na watu waliusifia sana, maana uko mzuri mpaka leo, alikuwa akitoka nje. Siku moja aliniambia, "Ursule, ningeutengeneza vibaya, bamama wangekuwa bado wanakula."

Alianza kuugua sukari mwaka 2019, na mwezi Novemba 2023 figo zikadhoofika, akalazwa. Tonton Eddy alikuja kumwona, akiwa na matunda. Papa hakumgombeza. Alimwomba jambo moja tu, aende kwa wale mama, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba uzio ule haukuombwa na Basile. Tonton Eddy alimshika mkono akasema, "Nitaenda dimanche." Jumapili ilipofika Papa aliomba avalishwe shati, akangoja habari. Aliomba vivyo hivyo Jumapili iliyofuata, na nyingine, Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, na mimi niliyempigia simu parrain wangu nilikuwa nikisikia simu inaita mpaka inakatika. Mwezi Februari Papa aliacha kuomba shati.

Ndipo, mwisho wa mwezi huo, akaja hospitalini Mama Alphonsine. Hakutumwa na mtu, alisikia tu kwamba Basile anaumwa. Alisimama mlangoni, hakuketi, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa miaka yote hiyo. "Basile, ni wewe uliomba ile clôture?"

Papa akasema, "Hapana, mama. Lakini ni mi niliwaambia mutoke. Nilimuamini, na ninyi mukaniamini mimi."

Mama Alphonsine akavuta kiti. Akasema, "Sisi pia tulimuamini yeye, siku ile na micro yake. Tulikutupa kwa neno moja." Tangu siku hiyo hakurudi nyumbani kwake. Alilala kwetu, akampikia Papa supu ya samaki, akamlisha kwa kijiko, na walizungumza habari za mvua na mifereji mpaka wauguzi wakawaomba wapunguze sauti.

Papa Basile alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, asubuhi, mama yetu akiwa upande mmoja na Mama Alphonsine upande wa pili. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Wagenia walioleta samaki na kuni, paroko na wanakwaya, na wenzake wa kilimo waliokesha nasi. Kamati ya golf ilituletea ujumbe jana kwamba inataka kutandika bendera yake juu ya jeneza na kuliita shimo la saba kwa jina lake. Tunaishukuru kwa kufikiria, na jibu la familia ni hapana.

Na kwa kuwa desturi yetu humpa rafiki wa ujana nafasi ya mbele, mkono wa kulia, jeneza linapobebwa, na Tonton Eddy ameiomba nafasi hiyo asubuhi hii, nami namwona ameketi pale chini ya hema la kwanza, ninasema kwa heshima ambayo mtoto anapaswa kumpa parrain wake: Tonton, kaa. Nafasi ile tumempa Mama Alphonsine. Ulingojewa hospitalini, na sisi tuliokuwa tukimvalisha shati ndio tunaokwambia.

Mama Alphonsine, tafadhali simama, njoo mbele.

Papa, tunakupeleka sasa. Pumzika kwa amani ile uliyonyimwa ulipokuwa nasi.