Mama Aliponiita Nikanyamaza

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wa chama hiki cha kuzikana, hamjambo nyote. Nimetaka kusimama hapa siku nyingi, miguu ikawa haitaki. Hata sasa naona haya. Akina mama mlioko mbele, mkiniona natazama chini msidhani nimesahau maneno.

Mnajua nilikwenda vita vya Bama, vile vya Waingereza na Wajapani. Msilolijua ni kwamba siku ya kuondoka hapa Kisauni, mama yangu alikataa kutoka nje kuniaga. Alisema akiwa ndani, "Ukenda, usiniite mama. Mimi sina mwana." Nikaenda.

Huko nikajeruhiwa paja, nikapelekwa kisiwa cha Seloni kuuguzwa. Jeraha likapona, usingizi haukurudi. Karibu na hospitali palikuwa na msitu wanamoishi watawa wa dini ya Buda, na mzee mmoja wao alijua Kiingereza cha kuombea maji, kama changu. Akanifundisha kukaa. Msicheke, ndugu zangu, kukaa kunafundishwa! Unakunja miguu, unaitazama pumzi inavyoingia na kutoka. Ikija hofu, unajua hii ni hofu. Huishiki wala huifukuzi, mpaka unaiona inaondoka yenyewe. Likizo yangu yote niliimaliza msituni mle, bila kusema na mtu. Mwanzoni nililia. Kisha nikalala, usingizi ule wa utotoni.

Nikarudi nyumbani, mama akanipokea. Kanisani sikuacha kuja, mchungaji ni shahidi. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini bandarini, na kila jioni, nilitandika mkeka uani nikakaa. Nikajiona nimefika. Nawaambia kweli, wengine huangushwa na tembo la mnazi, mimi niliangushwa na mkeka.

Nikiwa pale mkekani, mama alikuwa akiniita. "Mwanangu! Mwanangu we!" Pengine nimtwike ndoo, pengine nikanywe uji. Nami kimya. Moyoni nasema, hiyo ni sauti tu, itapita. Kule msituni hatukuitikiana, basi nikadhani ndivyo hata nyumbani kwa mama. Mimi, mtoto wa Pwani, niliyefunzwa kusema naam kabla sijajua kuvaa shuka!

Na lililo baya zaidi nalisema: nilikuwa naona raha. Nilijisifu kwamba sasa hata mama hawezi kunitikisa.

Asubuhi moja niliinuka mkekani nikakuta uji wangu umeganda na nyumba haina mtu. Uji nikawamwagia kuku. Jirani yetu mmoja akanijia akiwa amekunja uso. "Mama yako amekwenda kwa kaka yake, Mwakirunge. Anasema alikwambia hana mwana, nawe sasa umemlipa."

Masikio yaliniwaka moto. Nikaenda Mwakirunge kwa miguu. Mjomba alinionyesha mlango wa jikoni, akashika jembe lake akaenda shamba.

"Mama!"

Kimya.

"Mama, ni mimi."

Kimya. Na namsikia mle ndani akikuna nazi! Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Siku ile nikaujua mshindo wenyewe.

Nikakaa chini, juani, bila mkeka. Haya ilinipanda kifuani, nikataka kukimbia. Nikakumbuka maneno ya mzee wa Seloni, nikaitazama. Haikuondoka upesi. Na chini yake nikaona kitu kingine kimelala: hasira. Lile neno lake la "sina mwana" sikuwa nimelisamehe hata kidogo. Nilikuwa nimelikalia miezi yote ile nikisema ni utulivu. Mama aliona kweli, ndugu zangu. Nilikuwa namlipa, na mwenyewe sijui.

Nililia pale uani kwa mjomba, mtu mzima mimi, mwenye medali.

Jua likawa kali. Ndani mbuzi ya nazi ikanyamaza. "We mwana! Ondoka juani!"

"Naam, mama!" Niliitika mpaka kuku wakatawanyika.

Akanijibu akiwa mle mle ndani, "Kumbe masikio unayo."

Hakurudi nami siku ile. Nilikwenda Jumapili baada ya Jumapili, nikamwomba radhi, mpaka akafunga kanga zake tukarudi pamoja. Yeye naye aliniomba radhi kwa neno lake.

Namshukuru jirani aliyeniambia bila kunipaka mafuta. Namshukuru mjomba, na mzee yule wa Seloni, ambaye hakukosea kunifundisha. Mimi ndiye niliyejifunza nusu. Nanyi nawashukuru kwa kunisikiliza. Mkeka bado natandika asubuhi na jioni. Lakini nikiitwa, naitika kwanza. Utulivu wa kumnyamazia mwenzako anapokuita, uchunguzeni vizuri, huenda ni kununa tu.

Basi, ndugu zangu, mimi nime...

Naam, mama!

Mama yangu yuko pale nyuma. Anasema kuna jambo sikuwaambia.

Ni kweli. Ule uji niliowamwagia kuku ulikuwa wa tui la nazi. Nazi yake aliikuna usiku, ili asubuhi aniite niunywe.