Madoa ya Ayuma

Wewe unayepita hapo, ukimwona mtoto wa miaka sita ana madoa ya zambarau kutoka vifundoni hadi makalioni, utamlaumu nani? Kwenye benchi la Namalwa, muuza kahawa wa Musanda, kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Ilikuwa miaka ile matrekta ya miwa hayapumziki hata Jumapili. Elkanah, aliyeitwa Digrii kwa kuwa hakurudi na kingine kutoka chuo kikuu, alisikiliza akisaga meno. Mtoto mwenyewe, Ayuma, ni bintiye Makhanu, na Makhanu alikuwa papo hapo, ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti.

— Ni mama wa kambo, alisema Wangila, mkulima aliyejiita Tani Mia. Nasemanga kila siku, huyo mama ana mukono mwepesi.

— Mke wangu hajamgusa, alisema Makhanu.

— Basi ni masizi ya miwa ikichomwa. Inaingianga kwa damu.

— Na wewe unayelala ndani ya miwa, mbona huna doa hata moja? Namalwa alimchokoza.

— Yangu ni damu ya zamani! Ama kuna mutu amemwangalia vibaya. Yule shemeji ya Makhanu, wa Bukura...

— Buda, please! Digrii alidakia. Mtoto aliugua mafua mwezi jana. Daktari wa Kakamega amesema kinga ya mwili ilipopigana na virusi, ikageukia vimishipa vya damu. Vikavimba, vikavuja. Hayo ndiyo madoa. Full stop.

— Kinga imupige mwenyewe? Ni kama askari wa shamba aibe miwa.

— Kwani hawaibi? aliuliza Digrii.

Walicheka, isipokuwa Makhanu. Jescah, mwalimu mgeni wa chekechea aliyekuja kununua kahawa, naye hakucheka.

— Atapona?

— Wengi hupona, alisema Makhanu. Hatari ni figo. Zinaweza kuharibika kimyakimya, mtoto anacheza tu. Ndiyo maana mkojo upimwe kila wiki.

— Na wiki hii umeonyesha nini?

Makhanu alifungua gazeti. Chupa ndogo, imejaa vilevile alivyoondoka nayo nyumbani.

— Zahanati haina vikaratasi vya kupimia. Wiki ya tatu sasa.

Trekta lilipita likielekea kiwanda cha sukari. Huko kuna maabara nzima ya kupima utamu wa miwa, mchana na usiku. Digrii alisimama, kahawa ikamwagika.

— Juisi ya miwa ina wataalamu, mkojo wa Ayuma hauna hata kikaratasi! Nonsense! Nyinyi wa serikali mnaokata ushuru kwa kila tani yetu, sikieni: Jumatatu saa mbili Makhanu atakuwa mlangoni pa zahanati na chupa mpya. Vikaratasi viwe mezani. Na mtu wa kuvisoma awe kwenye kiti chake!